Nyumba ya Miguu Ishirini na Miwili

Mafinga,
Jumapili, baada ya misa.

Mama yangu,

Umeamkaje huko Bunda? Mgongo unasemaje siku hizi? Na Bibi, jana amekula? Nijibu hayo kwanza kabla hujasoma mbele, hata kama sikusikii. Mimi ni mzima. Baridi ya huku inauma mpaka kwenye meno, asubuhi nanawa uso kwa maji ya moto kama mgonjwa, lakini kifua kimetulia. Ile tangawizi uliyosema nimekunywa yote, na ukali wake naujua mimi na Mungu.

Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba barua lazima iseme "dhumuni la barua hii". Haya, dhumuni la hii ni neno moja tu, na usiniharakishe, nikiharakishwa nalisema vibaya. Wewe mwenyewe ulisema, "Andika, Nyamisi. Simu Bibi haiamini, karatasi anaishika." Basi nimeandika. Isome yote peke yako kwanza, kisha msomee polepole kwa lugha ya nyumbani, na pale nilipomtania paruke, ananijua lakini ana hasira zake.

Jumanne kwenye simu nilikuomba kitu kimoja, kwamba msimwambie tena Bibi kuwa nyumba ilianguka. Ukauliza kwa nini, nikasema sababu nitaiandika. Ukauliza mbona sauti yako hivyo, nikasema ni vumbi la mbao. Mama, halikuwa vumbi.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Masika yale uliponipigia ukasema ukuta wa nyuma umelala na paa limeufuata, na kwamba kaka yako Mjomba Magesa amekuja na pikapu amewachukua wewe na Bibi mkakae kwake Bunda, nilimshukuru Mungu kwamba mlikuwa shambani. Nikadhani yameisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Kila ukinipigia, habari ni ile ile: Bibi amekaa kizingitini kwa Mjomba tangu asubuhi, anauliza, "Nyumba yangu iko wapi?" Mnamjibu, "Bibi, nyumba ilianguka, imekwisha." Analia, anasukuma sahani, anageukia ukuta. Mwezi wa kwanza nilisema atazoea. Mwezi wa tatu ukaniambia mikono yake imebaki mifupa, na kwamba unaogopa utamzika akiwa anauliza. Siku hiyo sikufanya kazi ya maana. Nilijigonga kidole kwa nyundo mara mbili, bosi akaniambia nikakae nje.

Nikiwa pale nje ndipo nikawaza: mimi si fundi? Nyumba kubwa siwezi kuijenga kutoka huku, ila ndogo naweza. Niitengeneze ile ile yetu, ndogo ya kupakata, nimpelekee. Macho hayaoni, lakini vidole vya Bibi vinaona. Ni yeye aliyekuwaga anachambua mchele gizani, na hujawahi kutafuna jiwe.

Bosi alipoona nimeokota vipande vya paini chini ya mashine akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia. Akasema, "Mabaki chukua, lakini saa zangu za kazi usinijengee kijiji." Basi nikawa najenga mchana wakati wenzangu wanakula, na Jumapili baada ya misa, pale kwenye kona ya karakana tunapopaka vanishi.

Kosa la kwanza ni langu na lako, tugawane. Nilikupigia nikakuuliza vipimo, ukamuuliza Bibi, ukanirudia: "Anasema miguu ishirini na miwili kwa miguu kumi na minne." Wewe ulisema miguu, mimi nikasikia futi. Si ndivyo tunavyopima huku? Siku nzima ni futi nane, futi kumi na mbili, mpaka ukilala unaota futi. Nikakata, nikasimamisha kuta, nikaweka chumba na sebule, nikafurahi mwenyewe. Nilipotaka kuweka ile nguzo ya kati ndipo nikakwama.

Unakumbuka Bibi alivyokuwa anatoka kitandani. Hatua tatu, mkono unaikuta nguzo, anaishika, ndiyo anajua mlango uko wapi na jiko liko wapi. Ile nguzo ilikuwa imelainika pale kwenye urefu wa bega lake mpaka inang'aa. Sasa kwenye nyumba yangu, kutoka kitandani hadi kwenye nguzo kulikuwa na hatua nne. Nikapima tena, nne. Nikahamisha kitanda, kikaziba mlango wa nyuma. Nguzo ikabaki katikati ya sebule kama mgeni aliyenyimwa kiti. Nikasema Bibi akiingiza mkono humu atapotea, na mimi ndiye nitakuwa nimempoteza mara ya pili.

Siku ile nilikaa nikaiangalia mpaka chai ikapoa. Halafu nikakumbuka hadithi uliyonisimuliaga, jinsi Bibi alivyopima msingi mwenyewe baada ya kufiwa na mumewe, pekupeku, kisigino kwenye kidole gumba, kisigino kwenye kidole gumba, na shemeji zake wamesimama wanacheka. Miguu ishirini na miwili. Ilikuwa miguu yake, Mama. Na Bibi ana mguu mdogo, viatu alikuwa ananunua vya watoto wa shule. Nyumba yangu ilikuwa imezidi karibu theluthi nzima. Nikaivunja yote. Atukuzwe, yule msichana ninayepaka naye vanishi, alidhani nimerukwa na akili.

Ndiyo maana nikakusumbua na ule uzi. Najua ulinung'unika, lakini ulifanya vizuri: uzi mmoja, fundo la kwanza urefu wa mguu wa Bibi, fundo la pili upana wa kidole chake cha shahada. Nilitaka hivyo kwa sababu niliamua mguu wake mmoja uwe kidole chake kimoja. Kwa hiyo sasa ni vidole ishirini na viwili kwa vidole kumi na vinne. Tepu niliiweka kando, nilijenga kwa uzi mtupu. Nguzo ikakaa mahali pake bila kubishana, na niliposhuka kutoka kitandani kwa vidole viwili, hatua zilikuwa tatu.

Ngoja nikueleze ilivyo, maana nina majivuno nayo. Kuta nimesuka fito za paini nyembamba kama njiti, halafu nikakandika kwa udongo ule ule ulionitumia kwenye kopo la maziwa, wa ukuta ulioanguka. Nilipoulowesha ukatoa harufu ya nyumbani, ya moshi na samadi na mvua, nikaacha kazi nikakaa chini kidogo. Atukuzwe akasema, "Unalilia tope?" Nikamwambia ndiyo. Mlango wa mbele una kile kizingiti kirefu kilichomkwaza mwalimu wangu siku aliyotutembelea, mpaka akamwaga maziwa. Mlango wa nyuma unatazama zizi. Jikoni kuna mafiga matatu, nimeyachonga kwa kokoto, na jiwe la kusagia limewekwa upande wa kushoto kwa sababu Bibi anatumia mkono wa kushoto na hakuna mtu mwingine angeliweka pale. Kibuyu cha maziwa kinaning'inia kwenye msumari wake. Nje nimeweka kichanja cha vyombo, na nyuma lile jiwe kubwa mlilokuwa mnaanikia muhogo, limegusa ukuta vile vile. Paa ni la nyasi, halikugundishwa, linafunguka kama kifuniko cha sufuria ili mkono uingie. Ile nguzo nimeisugua kwa msasa laini, halafu kwa kitambaa, halafu kwa kiganja changu wiki nzima, mpaka imelainika pale pale kwenye bega la Bibi.

Atukuzwe akauliza, "Na wakaaji wako wapi? Nyumba ya mdoli bila mdoli?" Nikamwambia wakaaji ni vidole vya Bibi.

Huyu Atukuzwe, Mama, ana mdomo. Ila ana moyo pia, ndiyo maana navumilia. Siku moja akaniuliza, "Huyu Bibi ni mama yake baba yako?" Nikasema hapana. "Mama yake mama yako?" Hapana. "Sasa ni nani?" Nikamwambia ni mume wa mama yangu. Brashi ikamponyoka ikazama kwenye kopo la vanishi. Ikabidi nimweleze, maana huku hawana kitu hicho: kwetu mwanamke aliyefiwa bila mtoto anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na yule msichana akizaa, watoto ni wa nyumba ya yule aliyetoa ng'ombe. Tunaita nyumba ntobhu. Bibi alikuoa wewe, wewe ukanizaa mimi, basi, hakuna muujiza.

Akafikiri, akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anatafuta nyumba?"

"Ndiyo."

"Akaipata?"

"Akanipata mimi."

"Si ndiyo hicho nilichosema?"

Nikamwambia atoe brashi yake apake, aache maneno. Nilimjibu kwa ukali mpaka akanyamaza mchana wote, na Atukuzwe kunyamaza ni tukio.

Sasa ngoja nikuambie kwa nini niliwaka. Sijawahi kukuambia hili, na uso kwa uso nisingeweza. Tangu niko mdogo nilikuwaga nasikia wanawake pale bombani: "Ng'ombe za yule mama zimeleta msichana, tena mmoja." Wanasema huku wananitwika ndoo, kama vile maji yataziba masikio. Msichana anaolewa, anaenda kwa watu, anajenga nyumba ya wengine. Bibi hakuwahi kulisema hilo. Lakini pia hakuwahi kulikataa mbele yangu, nami nikachukua kunyamaza kwake kuwa ndiyo. Nilipokwenda Musoma kusoma useremala, wasichana wawili darasa zima, mlisema Nyamisi anapenda mbao. Napenda mbao, sikatai. Lakini nilikuwa nawaza kwamba nikiwa na kazi ya kiume, labda nitatosha. Ndiyo maana nilipopata kazi huku mbali sikugeuka nyuma mara mbili. Miaka minne hii nilikuwa naona aibu kurudi, nilidhani sina ninachomrudishia.

Sasa Jumanne. Nilikuwa nimekaa kwenye rundo la mbao nimeshika lile paa dogo, napunguza nyasi kwa mkasi, ukapiga. Ukasema, "Leo Bibi akili imemtoka kabisa. Nimemwambia nyumba ilianguka, amenikemea. Anasema nyumba yake haijaanguka, ilipanda basi Kiabakari, imebeba begi la bluu." Ukacheka. Halafu kicheko kikakatika, ukawa unavuta kamasi.

Mama, begi la bluu ni langu.

Ulikuwepo siku ile. Mlinisindikiza wote wawili mpaka barabarani Kiabakari. Macho ya Bibi yalikuwa yanamalizika, uso haoni, anaona rangi tu. Nikapanda basi, nikaweka begi dirishani, na yeye akawa anasema, "Bado nakuona, ile bluu pale. Bado nakuona." Mpaka basi likaondoka. Nadhani hicho ndicho kitu cha mwisho macho yake yalichoshika.

Nikaanza kurudi nyuma kwenye kichwa changu. Ukweli ni kwamba Bibi hakuanza kuuliza baada ya masika. Alianza kabla. Wewe mwenyewe uliniambia, nyumba ikiwa bado imesimama, amekaa ndani yake, ameegemea nguzo yake, anauliza, "Nyumba yangu iko wapi?" Ukamgongea ukuta, "Si hii hapa?" Tukasema ni uzee. Sote, na mimi nikiwemo, mtoto wa nyumba ntobhu, ninayejua tangu tumboni kwamba nyumba kwetu si udongo. Angekuwa ni mtoto wa kiume aliyeondoka, tungeelewa siku ya kwanza. Lakini kwa kuwa aliyeondoka ni msichana, hakuna aliyefikiri kwamba anaweza kuitwa nyumba, na wa kwanza kutofikiri ni mimi.

Halafu ukuta ukaanguka, na mkaanza kumjibu. Fikiria Bibi amesikia nini. Anawauliza niko wapi. Mnamwambia ilianguka, imekwisha. Kila siku anauliza, na kila siku mnamwambia nimeanguka huku kwenye baridi, nimekwisha. Ningekuwa mimi ningesukuma sahani pia.

Usijilaumu, Mama. Nakujua, hapo ulipo umeshaanza. Hukudanganya, ulisema kweli ya kitu kingine. Nami nilijenga kitu kingine, miezi mitatu, kwa vipimo sahihi kabisa.

Na zile karanga. Ulipotuma kopo la udongo, ndani nilikuta karanga za kukaanga zimefungwa kwenye kitambaa, na fundo ni lile la Bibi la kuzungusha mara mbili. Nilipokuuliza ukasema amejichanganya, ametia chakula kwenye udongo. Hakujichanganya. Mlimwambia nyumba yake imekwisha, yeye akakataa, akaipelekea chakula. Nilizila zote na mchanga wake. Afadhali nilikula kabla sijajua, baada ya kujua ningezitunza nisizile.

Nilikuwa nimepanga kuituma hii nyumba ndogo kama kifurushi kwenye basi, nimeshatafuta na boksi. Sasa haitumwi. Bosi nimemwomba ruhusa, akanuna, kuna madawati ya shule yanasubiriwa. Nikamwambia nitayamaliza sehemu yangu yote kwanza, na nikimaliza naondoka hata akinuna. Atukuzwe akasema atanishikia zamu, kisha akanikumbusha nimwombe radhi kwa siku ile. Nimeomba. Madawati yanaisha Alhamisi hii inayokuja, Ijumaa napanda basi na nyumba nimeipakata. Nitalala Mwanza, na asubuhi yake niko Bunda kabla Mjomba hajanywa chai ya pili.

Hiyo ndogo usimwambie habari zake, ukimsomea paruke pote nilipoitaja, niachie. Niandalie tu kigoda chake na meza fupi pale kizingitini anapokaa. Nataka nimfungulie paa, aweke vidole kwenye mlango wa mbele mwenyewe, bila kuongozwa na mtu. Akikwaa kizingiti asishikwe, nyumba ni yake. Habari ya kujenga kubwa tena pale pale kwenye kiwanja tutaongea nikifika. Vipimo ninavyo, na uzi nautunza kwenye Biblia.

Msalimie Mjomba Magesa, mwambie namshukuru kwa chumba na kwa kuvumilia maswali, na aache kumwekea Bibi redio, inamchanganya sauti. Mkewe mwambie kanga aliyoniagiza nitamletea. Yule mama anayeleta dagaa kutoka Kisorya, anayemchagulia Bibi samaki wasio na miiba, mpe salamu zangu za pekee. Na katekista wetu kule nyumbani, ukimpata kwenye simu, mwulize kama mbuzi uliomwachia kweli wako watano au amekula mmoja Pasaka.

Sasa weka mkono wa Bibi juu ya karatasi hii, hapa nilipobonyeza kalamu kwa nguvu ili asikie mistari, umwambie hivi. Mwambie alisema kweli na sisi ndio tulikuwa hatusikii. Mwambie nyumba yake haikuanguka. Ilipanda basi Kiabakari, imekaa kwenye baridi, imekula karanga zake, na sasa inarudi kwa miguu yake yenyewe. Na begi ni lile lile la bluu.

Ni mimi mwanao,
Nyamisi, wa nyumba ya Bibi.